Tundu Lililo Kulia kwa Kiti

Vijana wangu, mnapoingia karakanani kwangu hapa Garsen, kitu cha kwanza kinachowavuta ni ile ndege isiyo na mabawa. Mnaizunguka, mnaishikashika, mnagombania nani aketi kwanza. Kisha, kwa kuwa nimewafundisha kuangalia sakafu kabla ya kuangalia rangi, mnaliona tundu. Liko upande wa kulia wa kiti, limekatwa vizuri, kingo zake zimepigwa msasa, na kwa macho yenu halina kazi yoyote. Juzi mmoja wenu alikata kipande cha mbao akaanza kuliziba ili anifurahishe, nikamkemea mbele ya wenzake. Kijana wa watu akaweka nyundo chini na hakusema tena hadi jioni. Naandika haya kumwomba radhi, na ili nyinyi wengine msiniulize tena, maana kila mkiniuliza nahisi uso unanichoma.

Namshukuru Mola kwa umri alionipa. Wengi niliofanya nao kazi walitangulia kabla ya kupata nafasi ya kurekebisha walichokiharibu. Mimi nimepata, na bado naona haya.

Nilizaliwa Ozi, kule Mto Tana unakokaribia bahari. Kazi nilifunzwa na mjomba wangu, Mzee Buya, mchonga mitumbwi. Alikuwa na tezo, patasi, na kamba yenye mafundo ya kupimia, basi. Alikuwa hasemi sana. Ukikosea alikuwa anakutazama tu, nawe unajua.

Siku moja niliachiwa mtumbwi niumalize peke yangu, nikapiga tezo vibaya karibu na mkia, ukapasuka. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama uzi. Nikayeyusha nta, nikachanganya na unga wa mbao, nikaujaza ule ufa na kuusugua hadi hata mimi nikasahau ulipokuwa. Mjomba akaja, akapitisha kiganja chake ndani ya mtumbwi kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Kiganja kikasimama pale pale.

"Uko tayari?" akaniuliza.

"Uko tayari, Mjomba."

"Basi ingia uvuke nao, ukanichukulie tumbaku kwa Maro."

Kwa Maro ni ng'ambo. Nilipofika katikati ya mto nta ikaachia, maji yakaanza kuingia, na kwenye mchanga wa upande ule mamba alikuwa akiota jua, kinywa wazi. Nilipiga kasia kwa mkono mmoja na kuchota maji kwa kofia yangu kwa mkono mwingine. Mjomba amesimama ukingoni, mikono nyuma.

"Mwambie mamba ni nta nzuri," akapaza sauti. "Labda ataelewa."

Niliporudi, nimelowa na tumbaku imelowa, aliniambia maneno ambayo nimewarudishia nyinyi mara nyingi: mbao ikipasuka haijakukosea, na wewe hujamkosea mtu bado, kosa linaanza pale unapomwambia mwenye mtumbwi kuwa ni mzima. Nimewafundisha hayo kwa sauti ya mtu aliyeyashika. Sasa mtaona nilivyoyashika.

Nilipohamia Garsen niliacha mitumbwi nikawa seremala wa nyumba. Milango, vitanda, makabati, madawati ya shule, na mimbari ya msikiti wetu. Ile mimbari niliijenga kwa fahari kubwa, ngazi ndefu ndefu, hadi imamu, ambaye Mungu hakumpa urefu, alilazimika kuinua kanzu na kupanda kama mtu anayeingia lori. Nikaifungua nikaijenga upya. Watu walicheka, nami nikacheka nao. Aibu ya namna hiyo haidhuru mtu. Unaichekea kisha unachukua kipimo tena. Nyinyi mna mashine za umeme za kukata na kupiga randa. Mimi nilitoboa kwa keekee ya mkono hadi kifua kikaota sugu. Siwalaumu kwa mashine zenu, isipokuwa pale umeme unapokatika na nyinyi mnakaa chini kana kwamba msumeno wa mkono umeharamishwa.

Nilikuwa nimeshastaafu, karakana nimewaachia wanangu, nikibaki na kona yangu na benchi moja, Halako alipokuja.

Wengi wenu mnamjua. Ni binti wa jirani yangu, mama yule Muorma anayeuza maziwa sokoni. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea urubani, mtoto wa kwanza wa mtaa wetu kufanya hivyo, na mama yake alikuwa akitembea sokoni kichwa juu. Kisha Halako akarudi nyumbani kimya. Mtihani wake wa kurusha ndege alikuwa ameshindwa. Chuo kilimpa nafasi moja tu ya kurudia, na baada ya hapo hakuna nyingine.

Alinisalimu, akakaa kwenye rundo la mbao, akatoa simu yenye picha.

"Babu, kichwa changu kinajua," alisema. "Mikono ndiyo haijui. Ndani ya ndege unatakiwa ushike kila kitu bila kukitafuta. Mimi natafuta. Mpaka nikipata, ndege imeshakwenda inakotaka."

"Sasa mimi na ndege wapi na wapi, mama?"

"Nataka unijengee pale ninapokaa tu. Kiti, fimbo ya usukani, pedali za miguu, na mbele ubao wa zile saa za kupima mwendo na kimo. Kompyuta ninayo, ina programu inayoonyesha anga na kiwanja. Lakini nikishika vitufe mezani najifunza meza. Nataka kila kitu kikae mahali pake pale pale, kwa kipimo."

Nilimpenda kwa neno hilo, kwa kipimo. Nikakubali kabla hajamaliza.

Nataka niwaambie tulivyoijenga, maana kazi yenyewe ilikuwa halali na nzuri, na mtu asichanganye. Kiti tulikitoa kwenye pikapu iliyokuwa inaozea nyuma ya gereji, tukakiweka chini chini, mkono ukining'inia unagusa sakafu. Fremu ni mbao za kawaida, na kuta ni plaiwudi. Hatukuwa na pimamaji, mtu alikuwa ameliazima na hakulirudisha, kwa hiyo nikatumia chupa ya maji iliyolazwa, nikifuata kipovu. Ubao wa saa ulitaka matundu ya mviringo, kisha kioo cha kompyuta kinawekwa nyuma yake, na kila saa inaonekana kwenye tundu lake. Mviringo bila mashine unaukata hivi: piga msumari katikati, funga uzi, chora kwa penseli, toboa vitobo vidogo vidogo ndani ya mstari, kisha unganisha kwa msumeno mwembamba na umalize kwa tupa. Usiharakishe na tupa. Mviringo unaharibika mwishoni, si mwanzoni.

Pedali nilizitengeneza kwa vibao na bawaba za mlango. Mahali pa springi tukatumia mpira wa tyubu ya baiskeli, ukisukuma mguu unarudi wenyewe. Halako alifungua kishikio cha gemu cha kaka yake, akatoa vidude vinavyohisi mwendo, tukavifunga kwenye pedali na kwenye fimbo kwa waya. Kazi ya waya ilikuwa yake. Mimi nilishika tochi.

Rafiki yangu Barisa alikuwepo karibu kila siku. Barisa alikuwa mfugaji mkubwa, siku hizi ng'ombe wanao wanawe, na yeye amebaki na fimbo na maneno. Huketi kwenye benchi langu nje, anasubiri adhana.

"Fundi," aliniuliza fremu ilipoanza kusimama, "hilo jeneza mbona lina kiti?"

"Ni la mtu asiyependa kulala."

"Basi nitengenezee na mimi moja. Na dirisha, nione nani hakuja kunizika."

Halako alicheka hadi akaangusha bisbisi. Zilikuwa siku za furaha, na ndiyo maana nazionea uchungu.

Ikabaki fimbo ya usukani. Katika ndege aliyojifunzia, fimbo hiyo inatoka sakafuni mbele ya kiti, inasimama katikati ya magoti ya rubani. Halako alinionyesha picha, akakaa kitini, akaweka alama ya chaki sakafuni kati ya miguu yake.

"Hapa, Babu."

Nikatazama ile alama. Kisha nikatazama nje. Karakana yangu, kama mnavyoijua, imefunguka barabarani, na wanaume wote wa mtaa hupita hapo wakitoka msikitini. Akilini nikamwona binti wa watu ameketi mbele yao, miguu imeachana, ameshika fimbo kati ya magoti, ndani ya karakana ya mzee aliyejenga mimbari. Nikajiona mimi nikiulizwa. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Barisa mwenyewe alikuwa amesinzia.

Ningeweza kumwambia, "Mwanangu, naona haya." Angenielewa, tungetundika pazia mlangoni, na mambo yangekwisha. Ningeweza kuhamisha kila kitu ndani uani kwa mke wangu. Badala yake nilichukua ufundi wangu nikaufanya nta.

"Hapo haitawezekana," nikamwambia. "Chini ya sakafu hapo katikati inapita boriti. Nikiitoboa, kitu chote kitalegea. Nitakuwekea upande wa kulia, mkono wako utaifikia vizuri zaidi."

"Lakini Babu, ndege yenyewe..."

"Mbao haijui habari za ndege, mama. Mimi ndiye ninayeijua mbao."

Akaifuta ile chaki kwa kiganja. Boriti haikuwepo. Alipokwenda nyumbani kula, nikachukua kipande cha mbao, nikapinda mgongo wangu wa kizee chini ya ile sakafu, nikakipigilia katikati ili uongo wangu upate mwili. Kilikuwa kifupi. Hakikugusa fremu mbele wala nyuma. Nilijua, lakini nikasema nani atainama huko.

Aliporudi alikuta tundu limekatwa kulia, fimbo imesimama hapo, imara kabisa. Aliinama kutazama nyaya zake. Alikaa chini huko kitambo. Alipotoka alijifunga ushungi wake upya, akasema, "Sawa, Babu."

Akaanza kufanya mazoezi. Kila siku baada ya kumsaidia mama yake na maziwa, alikuja akaketi. Alijifunza kupaa, kugeuka, kutua kwenye upepo wa ubavuni. Umeme ukikatika kioo kikawa cheusi, Barisa alikuwa akiinua mikono na kusema, "Inna lillahi, na abiria wote." Mkono wa Halako uliijua ile fimbo. Ulikuwa ukienda kulia bila yeye kutazama, kama mnavyofikia mfuko wa shati. Nami nilikuwa nikimwangalia na kujisifu moyoni kwamba nimeihifadhi heshima yake. Nilisali kwa ajili yake. Nilisali kwa dhati, na sikuona kwamba ombi langu na kazi yangu vinavutana.

Akaenda kwenye mtihani. Akarudi.

Nilijua kabla hajasema, kwa namna mama yake alivyofunga mlango mchana. Baada ya siku kadhaa Halako akaja mwenyewe karakanani, akaketi kwenye lile rundo la mbao kama siku ya kwanza. Hakulia. Alizungumza akitazama vidole vyake.

"Nilifanya vizuri, Babu. Mpaka kutua. Upepo ulikuwa wa ubavuni, nikainua mkono kubonyeza redio. Nilipourudisha," alisita, "mkono ulikwenda kulia."

"Kulia kuna nini kwenye ndege?"

"Kulia amekaa mtahini. Mkono wangu ulishika goti lake."

Nikaiweka chini tupa niliyokuwa nimeshika.

"Nilishtuka, na yeye akashtuka. Ndege ikainama. Akachukua usukani akatua yeye. Hakunigombeza, aliandika tu. Wenzangu walisikia. Mpaka naondoka walikuwa wakinitania kwa jambo hilo, wanaume kwa wanawake."

Vijana wangu, nimesoma dini tangu utoto. Nimewafundisha watoto wa mtaa huu, na nyinyi wengine, mambo ya kuinamisha macho na kulinda heshima. Nami kwa mikono yangu niliufundisha mkono wa binti wa jirani kwenda mahali ambapo haukutakiwa kwenda, mbele ya watu, akaaibika kwa jambo lile lile nililodai kumkinga nalo. Hata kumkinga sikumkinga. Nilikuwa nikijikinga mimi.

Nilitaka kumwambia. Nilifungua kinywa, na yeye akanitangulia.

"Babu, ile boriti bado ina kazi?"

Aliuliza taratibu, kwa adabu, kama anayeuliza hali ya mgonjwa.

"Ulijua?"

"Mama yangu ndiye aliyejenga nyumba tulimozaliwa, na nyanya yangu ndiye aliyemfundisha. Kwetu Waorma nyumba hujengwa na wanawake. Tangu mdogo nashika fito. Najua inayobeba na isiyobeba."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, Babu? Ungeona haya."

Hapo ndipo nilipoinuka nikaenda kusimama nyuma ya makabati, nikajifanya natafuta kitu. Alikuwa ameuona uongo wangu tangu siku ile ya kwanza, akaubeba hadi angani ili mimi nisiaibike. Mjomba Buya alinivusha mto na ufa wangu mwenyewe. Mimi nilimvusha mtoto wa mwenzangu na ufa wangu.

Siku hiyo hiyo, baada ya alasiri, wanaume wakiwa wanatoka msikitini, niliitoa ndege ile hadi mlangoni kabisa kwenye mwanga. Niliilaza ubavu, nikang'oa ile boriti ya uongo. Misumari ililia. Barisa akasogea, na wengine watatu wanne wakasimama.

"Umevunja nini tena?" akauliza Barisa.

"Nahamisha fimbo. Inatakiwa iwe katikati, kati ya magoti."

"Na mbona uliiweka kando?"

"Niliona haya binti akae hivyo mbele yenu. Nikamdanganya kuwa kuna boriti. Kwa sababu hiyo ameshindwa mtihani."

Sijui nilitarajia nini. Kisha Barisa akagonga fimbo yake chini.

"Fundi, mke wangu amekamua ng'ombe maisha yake yote, chombo cha maziwa kati ya magoti, wageni wamekaa hapo wanangoja chai. Hebu niambie, wewe ulipokuwa mgeni wangu ulikuwa unatazama nini?"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Nilikuwa natazama maziwa."

"Basi. Na sisi tungetazama ndege."

Fimbo nikaiweka katikati. Nikaketi mimi kwanza kuipima, na kanzu yangu, fimbo kati ya magoti, barabara nzima ikiniona. Imamu akapita, akanisalimu, akauliza kama naruka kwenda mji wa Hola. Nikamjibu kwamba bado najifunza. Kisha nikaenda kwa mama yake Halako kumweleza yote. Alinisikiliza akiosha vibuyu vyake. Hakuniambia amenisamehe wala hajanisamehe. Alinipa maziwa, nikanywa, na hadi leo sijui maana yake, nami sidai kuijua.

Chuo kile kimeshamfungia mlango. Chuo kingine kimekubali kumtazama upya, kwa mtihani wake wenyewe, mvua zikiisha. Kwa hiyo Halako amerudi kuketi katika ndege yetu kila alasiri, nami huketi kando yake kwenye kigoda, upande wa kulia, alipokaa mtahini. Ananiamuru niseme lolote la kumshtua. Nampigia kelele za upepo. Nagonga plaiwudi. Nambana apokee redio.

Mara nyingi mkono unarudi katikati. Lakini upepo ukizidi kwenye kioo, akichoka, mkono wa kulia unashuka pembeni, unatafuta fimbo niliyompa, na vidole vyake vinaingia kwenye tundu tupu.

"Katikati, mama," namwambia.

Na anarudi katikati.

Nilitaka kuliziba tundu siku ile ile niliyohamisha fimbo. Yeye ndiye aliyenikataza. "Liache wazi, Babu. Mkono ukikuta mbao laini utatulia pale. Ukikuta hakuna kitu, unakumbuka." Hiyo ndiyo kazi ya tundu lile, na ndiyo sababu nilikukemea juzi, mwanangu, wewe uliyekuja na nyundo kwa nia njema. Sikukukasirikia wewe. Nisamehe.

Kile kipande chako cha mbao nimekihifadhi juu ya kabati la misumari. Nimekipima, umekikata sawasawa. Siku Halako atakapomaliza kutua mara nyingi mfululizo na mkono wake usilitafute tena tundu lile, nitakuita, nawe utaliziba.